Nimehamia mtaa mkimya Raskazone, sasa mama yangu anawajua majirani kwa miguu tu

Kuti Kavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana. Mwishoni kuna swali na nataka majibu kabla ya Jumapili.

Mimi mzaliwa wa Ngamiani, barabara ya 12. Anayeijua Ngamiani hana haja ya kuelezwa: barabara zimenyooka kama zilizopigwa rula, zina namba badala ya majina, na nyumba zimebanana kiasi kwamba ukikohoa usiku, asubuhi jirani anakupa pole. Kwetu ni nyumba ya Kiswahili hasa, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo, na mbele baraza ya saruji iliyong'arishwa na makalio ya vizazi vitatu. Nimesoma juu ya baraza ile, nimechapwa juu ya baraza ile, na posa ya dada yangu ililetwa pale pale wazee wakiwa katikati ya mchezo wa bao.

Sasa kelele zake. Adhana za misikiti minne kwa kupokezana, mashine ya kusaga, muuza kahawa anagonga vikombe, watoto wa madrasa, redio ya fundi cherehani, na ugomvi wa mke na mume wa nyumba ya tatu ambao mtaa mzima tuliujua ulikoanzia na tulishagawanyika pande mbili. Nikiwa kijana niliapa: siku nikishika hela, nahama.

Hela si nyingi, lakini mwaka 2021 kazi zangu za bandarini zilikaa vizuri, nikapanga nyumba Raskazone. Kwa msiofika Tanga, ni ile rasi inayoingia baharini ukishapita Bombo. Viwanja vikubwa, miembe na mikungu ya zamani, kuta, mageti, na barabara ambayo mchana unaweza kulala katikati yake ukaja kuamshwa na mbuzi. Kelele kubwa ninayoijua kuwahi kupigwa kule ni ya Novemba 1914, Waingereza waliposhusha jeshi la watu kama 8,000, wengi wao Wahindi, hapo hapo Raskazone, wakidhani Wajerumani watakimbia. Hawakukimbia. Waliopigwa ni walioshuka, na nyuki nao wakaingia vitani wakawa wanauma bila kuuliza uraia. Huwa nasema nyuki wale ndio wakazi wa kwanza wa mtaa wetu kulalamikia kelele.

Miezi sita ya mwanzo nilikuwa kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Nililala, jamani! Usiku unasikia bahari wakati wa bamvua, jenereta ya nyumba ya mbali umeme ukikatika, na redio ya mlinzi iliyopunguzwa sauti kama mtu anayesengenya. Alfajiri kunguru, hao hawajui mtaa wa kishua. Basi, hakuna kingine.

Kilichonishtua kwanza ni hodi. Nilikaa mwaka mzima sijaisikia. Huku watu hawapigi hodi, wanapiga honi. Gari linasimama, honi, geti linafunguka, geti linafungwa, na hujui aliyeingia ni nani wala kaja na shida gani. Ramadhani ya kwanza hakuna aliyetupigia ngoma ya daku. Sikukuu nikampelekea jirani wa kulia sahani ya biriani, mlinzi akaipokea kwenye kidirisha cha geti. Kesho yake sahani ikarudi imeoshwa, tupu, na maneno "bosi kasema asante". Kwetu sahani hairudi tupu, wakuu. Huna kitu, weka hata ndimu.

Mwaka 2023 mama alifanyiwa upasuaji wa goti, choo cha uani kikawa kimemshinda, nikamchukua. Siku ya kwanza alizunguka nyumba nzima, akasifu vigae, akasifu choo cha ndani, kisha akakaa akaniuliza, "Mwanangu, hapa watu wameenda wapi?" Nikamwambia wapo mama, wako majumbani mwao. "Wote wagonjwa?"

Wiki ya pili narudi kazini namkuta kaweka kiti cha plastiki ndani ya uzio, kageukia geti. Geti letu ni la bati zito, huoni mtu, ila chini limeacha mwanya kama shubiri moja. Mama alikuwa anatazama miguu.

Sitanii. Kwa muda wa mwaka mmoja mama yangu aliujua mtaa wote kwa miguu. Kulikuwa na ndala za bluu, zinapita saa 12 na nusu asubuhi na kurudi saa 11 jioni, mguu wa kushoto unaburuzwa. Kulikuwa na raba nyeupe, dada wa asubuhi na mapema, mama akasema huyu anarudi kazini, haendi, "tazama anavyokanyaga". Viatu vya shule jozi tatu. Tairi za baiskeli ya muuza samaki na matone ya maji nyuma yake. Na jioni, kabla ya magharibi, magurudumu, mawili membamba na mawili madogo mbele, yanasukumwa taratibu na mtu mwenye makobazi. Mama akasema hicho ni kigari cha mtoto mchanga, watu wa huku hawabebi watoto mgongoni. Kila kikipita alikuwa anamwombea dua yule mtoto akue salama.

Jioni ananipa taarifa kama mtangazaji: "Ndala za bluu leo kachelewa." Nami nakula.

Siku moja ndala za bluu hazikupita. Ya pili, hazikupita. Ya tatu mama hakula. Nikazunguka kumuulizia. Utamuulizia vipi mtu ambaye unachomjua ni ndala? Nyumba nne nilizobonyeza kengele, hakuna aliyewahi kumwona anayeburuza mguu, na alikuwa anapita mbele ya mageti yao kila siku ya Mungu. Wiki iliyofuata akarudi, mama akapiga bati kwa fimbo yake, "Wewe wa ndala! Ulikuwa wapi?" Mtu wa watu akaruka hatua mbili. Kumbe ni mtunza bustani wa nyumba ya mwisho, alikwenda kwao Lushoto kuzika. Mguu aliuvunja zamani.

Kuanzia siku hiyo mama akamwamuru mlinzi wetu amtolee benchi nje, chini ya mkungu ulio kati ya ukuta wetu na barabara. Nilidhani ni la siku moja. Ndala za bluu akakaa. Muuza samaki akaegemeza baiskeli. Wadada wa kazi wa nyumba za jirani, walinzi wanaobadilishana zamu, bodaboda kadhaa, fundi bomba. Mama akatoa dele la kahawa na kashata. Ramadhani iliyopita nilihesabu watu 14 baada ya futari.

Ijumaa iliyopita nimekuta karatasi imepenyezwa chini ya geti, kwenye mwanya ule ule wa mama. Imechapwa kwa kompyuta, haina jina wala salamu: "Huu ni mtaa wa makazi tulivu. Tunaomba kijiwe kilicho nje ya geti lenu kiondolewe ifikapo Jumapili."

Kijiwe! Bi mkubwa wa miaka 71, mwalimu wa madrasa, kaitwa kijiwe.

Swali: niliondoe benchi? Na mama nimwambie nini? Karatasi bado iko mfukoni mwangu.

Nimekaa Pale

Nimevuta kiti. Hiyo ya "wote wagonjwa" nimecheka mpaka watu wa ofisini wamegeuka.

Mgosi wa Makorora

Mgosi, karatasi isiyo na salamu ni ya kufungia vitumbua. Usiondoe hata msumari. Huko Raskazone mmekaa kama yule samaki wa kale silikanti, chini kabisa gizani, mnavuliwa mara moja kwa mwaka na dunia nzima inashangaa kwamba kumbe bado mpo. Mrudishe mama Ngamiani kwa watu wake, au uje Makorora, kelele tutakupa bure.

Kamba ya Kupimia

Mleta mada, mimi kazi yangu ni kupima viwanja, ngoja nichangie kwa upande huo.

Ukimya wa mtaa wako haukuota kama majani, ulipangwa. Miji yetu ya pwani wakoloni waliigawa mafungu na majina yake tunayo midomoni hadi leo: uzunguni, uhindini, uswahilini. Kwa Tanga, uzunguni ni Bombo na Raskazone kwenye upepo wa bahari, uhindini ni katikati penye maduka, na uswahilini ni Ngamiani ng'ambo ya reli. Reli ile Wajerumani walianza kuijenga 1893, nayo ikawa ndio mpaka. Ng'ambo moja kiwanja kikakatwa kikubwa, nyumba ikasukumwa nyuma mbali na barabara, mbele bustani. Ng'ambo ya pili kiwanja kidogo, nyumba inakuja mpaka barabarani na baraza ndiyo inayopeana mkono na mpita njia. Kwa hiyo mama yako hakukosea kutafuta baraza na kuikosa. Aliyechora nyumba hiyo hakutaka mtu apite karibu. Leo tukipima tunaandika msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Rangi ya ngozi imetoka kwenye ramani, umebaki mfuko.

Sasa la sheria. Mkungu uko nje ya bikoni zako, yaani alama za mpaka wa kiwanja, sivyo? Basi hapo ni hifadhi ya barabara, na barabara za mitaa tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ukijenga baraza la saruji hapo litavunjwa na fidia hupati. Benchi la mbao linaloingizwa ndani usiku ni habari nyingine. Kelele nazo zina kanuni zake za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, ila zinapima kelele, hazipimi kahawa. Aliyeandika alipaswa kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, na wewe pia anzia huko huko kabla hujaanza kujibizana kwa karatasi.

Dada wa Mikanjuni

Niongeze la usalama. Nilipanga miaka miwili kwenye mtaa wa namna hiyo, siutaji. Wezi walikuja saa 5 asubuhi na kirikuu. Wakapakia friji, televisheni, godoro, mpaka mtungi wa gesi. Jirani wa mbele aliwaona kupitia dirishani na alivyosema baadaye, alidhani nahama. Alidhani nahama na hakutoka hata kuniaga! Niliumia kwa hilo kuliko friji.

Mama akikaa chini ya mkungu, mtaa mzima umepata mlinzi asiyelipwa mshahara. Hao walinzi wenu wanalinda geti. Nani analinda barabara?

Bi Zamu

Nimesoma mara mbili kabla ya kuandika. Ninaishi upande huo, ni muuguzi, natoka zamu ya usiku kwa miguu na nina raba nyeupe. Sijui kama ni mimi, zipo raba nyeupe nyingi. Lakini nilisikia ubaridi mgongoni. Kuna mtu anajua ninavyokanyaga na mimi sijawahi kuiona sura yake.

Siyo mimi niliyeandika karatasi. Ila naomba nimtetee aliyeandika, maana hapa ameshahukumiwa bila kusikilizwa.

Nimekulia Msambweni, nyumba moja familia nne. Mtihani wa kidato cha nne niliusomea na pamba masikioni. Kwetu ukiwa huna mchumba mtaa mzima unakutafutia, ukimpata mtaa mzima unauliza wa wapi, na akikuacha mtaa mzima unajua kabla yako. Mimi niliachika. Nilirudi kwa wazazi, na kwa miezi mitatu sikuweza kwenda kununua nyanya bila kuulizwa "kwani ilikuwaje?" Walikuwa wananipenda, sikatai. Wanakupenda na huku wanakuchokonoa kidonda. Chumba changu cha sasa ni cha uani, kodi yake inaniuma, lakini nikifunga mlango hakuna anayeniuliza kitu. Mnachokiita upweke, mimi nimekilipia.

Na kuna usingizi. Zamu ikiwa mbaya, mtu amekufia mikononi alfajiri, nikifika nyumbani nahitaji saa 3 asubuhi mpaka saa 9 bila ngurumo. Benchi halinisumbui. Mazungumzo ya wazee hayanisumbui, kusema kweli yanabembeleza. Zinazonisumbua ni pikipiki, zinakuja zinanguruma, anayemsubiri abiria anavuta mafuta tu kwa kukosa kazi. Wewe Kuti Kavu umeandika "bodaboda kadhaa" ukapita haraka. Ni ngapi? Nimezihesabu, ni sita.

Mgosi wa Makorora

Dada Zamu nimekusikia. Ila pamba zipo dukani.

Bi Zamu

Nikuwekee wewe hizo pamba kaka yangu, za mdomoni.

Nimekaa Pale

Nimeongeza na mto wa kuegemea.

Mzee wa Honi

Marahaba kwa wote, kabla hamjaniamkia.

Nilikuja Tanga mwaka 1974 nikitokea Singida, kijana, kufanya kazi kiwandani. Nawasoma mnabishana juu ya ukimya wa Raskazone kana kwamba ndio pekee. Mji mzima huu ulinyamaza, wanangu, nami nilikuwepo unanyamaza. Enzi zile alfajiri honi za viwanda zilikuwa zinapishana, kila mtu anaijua ya kwake kama mbwa anavyoijua miluzi ya mwenyewe. Ukitoka nje, baiskeli. Siyo hizi tatu nne za leo, barabara imejaa baiskeli kama siafu. Mbolea, chuma, sabuni, kamba. Usingizi wa mchana baada ya zamu ya usiku huo anaousema binti yangu Zamu, sisi tuliulala katikati ya kelele zile na hatukujua kwamba ni kelele.

Mkonge ndio ulioulisha mji. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000, hakuna aliyetufikia duniani, na mwingi uliondokea bandari hii. Ikaja nailoni, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa na tukashindwa kuyaendesha, tuseme kweli. Viwanda vikafuata kimoja kimoja. Mimi barua yangu niliipata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Asubuhi ya siku iliyofuata niliamka saa ile ile, nikakaa kitandani nasubiri honi. Nikasikia kunguru. Nilikuwa nimekaa Tanga miaka kumi na kitu, sikuwa najua kwamba kunguru wa hapa wanaamka mapema namna ile.

Na hizo nyumba mnazolindia heshima. Nyingine walijenga watu wa mkonge, nyingine wafanyabiashara wa Kihindi. Mwaka 1971 ikapita sheria ya kuyatwaa majengo ya kupangishwa yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Nilipofika mimi, miaka mitatu baadaye, bado kulikuwa na nyumba zina mapazia madirishani na ndani hakuna mtu. Watu walishaondoka Uingereza, Kanada, huko. Sisi vijana tulikuwa tunapita pale jioni tukisema mahali patulivu kweli hapa. Hatukujiuliza.

Sina jibu la benchi. Mwulize mama mwenyewe, siyo sisi. Karatasi uliyoificha mfukoni ni ya kwake.

Kamba ya Kupimia

Mzee umeandika mazito. Na safari hii mnyamazo unaondoka kwa njia nyingine: bomba la mafuta kutoka Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani ng'ambo ya ghuba. Mimi tangu kazi zake zianze naulizwa viwanja na watu ambao hawajawahi kukanyaga Tanga. Wote wana sharti moja, kiwe mahali patulivu. Nawapeleka, wanasimama dakika kumi, wanasema "sawa, lakini hapa hakuna chochote".

Mgosi wa Makorora

Waja leo waondoka leo. Hao ni wa saa sita kamili.

Mleta uzi uko wapi? Jumapili imepita.

Kuti Kavu (mleta uzi)

Niko hapa, wakuu. Samahani kwa kuwaweka. Kwanza Bi Zamu, umesema kweli kuhusu pikipiki, nilizipunguza makusudi kwa sababu nilitaka mniunge mkono. Mzee wa Honi, shikamoo, nilifuata ushauri wako Jumamosi usiku.

Nilimsomea mama karatasi. Akaniambia nisome tena. Kisha, "Hawajasalimia?" Nikasema hapana mama, imeanza hivyo hivyo. Akanyamaza muda. Nikadhani analia, kumbe anatafuta mtandio. "Twende."

Nikamwambia hatujui ni nani kaandika. Akasema mjumbe atajua. Tukamchukua mjumbe wetu, mzee mmoja mpole ambaye nusu ya mageti ya mtaa huu hajawahi kufunguliwa. Akaiangalia karatasi akatupeleka moja kwa moja nyumba ya upande wa pili, kushoto kwetu. Namna gani alijua, sijui mpaka leo. Mama alikuwa kabeba mkate wa kumimina kwenye sahani, umefunikwa kawa. Nilimuuliza, mama, tunaenda kugombana na mkate? Hakunijibu.

Alifungua kijana, mdogo kuliko mimi. Alipoiona karatasi mkononi mwa mjumbe uso ulimbadilika, lakini hakukana. Akasimama pale getini akaanza kujieleza kwa haraka: hana ubaya na bi mkubwa, ila baba yake alipata kiharusi, analala mchana kuanzia adhuhuri, dirisha lake linaelekea mkunguni, pikipiki ikinguruma anashtuka na akishtuka anatapatapa, usiku mzima halali tena. Amelea hivyo mwaka wa pili. Aliogopa kuja kusema ana kwa ana kwa sababu, nanukuu, hatujuani.

Mama hakusema neno. Macho yake yalikuwa yameshavuka bega la kijana, anatazama ndani kibarazani. Pale kulikuwa na kiti cha magurudumu. Mawili makubwa membamba, mawili madogo mbele. Na pembeni yake makobazi.

"Kumbe ni yeye," mama akasema.

Kijana hakuelewa. Mama akaingia bila kukaribishwa, na goti lake lile, mpaka chumbani kwa mzee. Mimi na mjumbe tukabaki tunatazamana. Nilimsikia anamsimulia: kwamba kwa mwaka mzima kila jioni alikuwa anayasikia magurudumu yake, akadhani ni mtoto, akamwombea kwa Mungu akue, aote meno, atembee. Mzee mdomo wake wa upande mmoja haufanyi kazi. Alicheka kwa upande wa pili, sauti ikatoka kama mtu anayekohoa, mpaka kijana akakimbilia ndani akidhani kuna tatizo.

Halafu mama akamgeukia kijana na hapo ndipo alipofoka, na siyo kwa ajili ya benchi. "Mgonjwa mwaka wa pili, hatua thelathini kutoka kwangu, na mimi sijaja kumjulia hali? Unataka nikamjibu nini Mungu? Hukuweza kuja kuniambia?" Kijana akasema pole bibi. "Siyo pole. Ungepiga hodi." Nilimwonea huruma, maana hata mimi ningeandika karatasi. Miaka minne nakaa hapa sikuwa najua nyumba ile ina mgonjwa.

Makubaliano, kwa wanaopenda makubaliano: bodaboda wataegesha kwenye kona na kuzima injini hapo hapo, anayewasha mbele ya nyumba hanywi kahawa. Wamelitii hilo kuliko sheria yoyote ya nchi. Benchi limesogezwa mpaka kwenye ukuta wa kiwanja kisichojengwa, hatua ishirini hivi kutoka mkunguni. Mama hajafurahi, kule jua la saa 10 linampiga usoni, na kila siku ananikumbusha kwamba mkungu hauna kosa. Nimeulizia bei ya turubai.

Bi Zamu, mama anauliza kama ni wewe wa raba nyeupe. Anasema wiki hii unakanyaga vibaya, upumzike. Nimemwambia hutaki kuulizwa maswali, akasema hatakuuliza, utapita tu naye atatazama pembeni. Sina hakika kama ataweza.

Kijana bado ananisalimia kwa kichwa tu akiwa ndani ya gari. Jioni anamsukuma mzee mpaka benchini, anamwacha dakika kumi na tano, anasimama mbali na simu yake.

Sahani yetu ya mkate bado iko kwao, leo siku ya tisa. Nilitaka kumtuma mlinzi akaidai, mama akakataa. Anasema wanatafuta cha kuweka.